Trekta Nyekundu ya Baba Mose

Mume wangu Ondieki haapi kwa Mungu, maana sisi ni Wasabato. Anaapa kwa trekta nyekundu. Miaka ishirini na moja aliendesha nyekundu kwenye mashamba ya miwa kule chini, ardhi tambarare mpaka macho yanachoka, na hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu na kutuezekea nyumba. Kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima hapa Magwagwa kilipoamua kununua trekta, na yeye akachaguliwa kuwa dereva, aliona hakuna cha kujadili.

Mimi niliona kipo. Mimi ndiye katibu, na nikipewa karatasi huisoma mpaka mwisho, ugonjwa nilioupata nikifundisha shule. Nilivisoma vitabu vya trekta zote mbili tulizopendekezewa. Nyekundu ina nguvu za farasi sabini na tano, ni ndefu, nyembamba, na haifai kusimama ubavu kwenye mteremko unaozidi digrii kumi na mbili. Ile ya kijani ina nguvu hamsini tu, lakini ni fupi, pana, na magurudumu yote manne yanavuta. Kitabu chake kinaruhusu ishirini. Kisha nikateremka shambani kwetu na simu, nikapima. Kumi na tisa.

"Mama Mose anataka kunifunza trekta na simu!" Ondieki aliwaambia wenzake mkutanoni, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Hiyo ya kijani nani ameiona ikizeeka? Nyekundu mimi naijua hata nikifunga macho. Haijawahi kunikosea."

"Unaijua kwa miwa," nikamjibu. "Hapa si kwa miwa. Hapa ni ukuta."

Huku kwetu baba akigawa shamba, kila mwana hupewa mkanda wake, kuanzia barabarani kileleni hadi mtoni bondeni, ili kila mmoja apate njia na apate maji. Ni haki, sikatai, lakini mkanda wenyewe ni mwembamba. Trekta lazima ishuke na kupanda, na kule chini, mahali pakali kuliko pote, lazima igeuke. Nyekundu kwa urefu wake haiwezi kugeuka mara moja bila kukanyaga chai ya jirani. Itabidi isimame ubavu kwanza, irudi nyuma, ndipo imalizie kugeuka. Niliyaeleza hayo yote. Mwenyekiti wetu Ogari akaniuliza kama nimewahi kuendesha hata baiskeli.

Jumapili Owino, muuzaji kutoka mjini, alizileta zote mbili kwa lori tuzijaribu kwenye shamba letu kabla ya kupiga kura. Ondieki hakuitupia ya kijani hata jicho. Aliipiga nyekundu kofi la mapenzi kwenye boneti, akapanda, akaiwasha. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naogopa, si kidogo, na woga ukinishika mimi hugeuka hasira.

"Baba Mose, shuka."

"Mama Mose, usiniaibishe mbele ya watu."

Nikakunja sketi, nikapanda, nikakaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma la kulia. "Kama ni salama kwako, ni salama kwangu. Twende."

Owino akaja mbio. "Mama, tafadhali, hairuhusiwi kubeba mtu hapo."

"Hata huu mteremko hauruhusiwi, na wewe umenyamaza," nikamwambia. Akasogea kando.

Ondieki naye alishakasirika, na mbele ya wanaume wenzake hangezima injini kwa sababu ya mke. Akaachilia klachi. Tulishuka vizuri, nakiri, jembe likikata udongo nyuma yetu, na nikaanza kufikiri kwamba nitachekwa mwaka mzima. Hatua chache kutoka mtoni akainua jembe, akakata usukani kulia.

Trekta ikakaa ubavu, upande wangu ukiwa juu. Chini yangu nikahisi gurudumu limekuwa jepesi. Likainuka kidogo, likarudi, likainuka tena. Nilipotazama, kati ya mpira na udongo palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Ondieki akakanyaga breki, na mlio wa injini ukabaki peke yake bondeni.

Nilishateremsha mguu mmoja ili niruke.

"Usishuke," akasema polepole, bila kugeuza kichwa. "Nyanchoka, usishuke. Wewe ndiye unaishikilia."

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Mose azaliwe. Nikaurudisha mguu. Nikaona kule chini yake, upande wa kushoto, mawe ya mtoni yalivyokaa, na hakukuwa na paa juu ya kichwa chake wala chuma cha kumkinga.

"Ita watu. Wapitie juu, wasipite chini."

Nikapiga kelele ambayo hata Nyamira mjini wangeisikia. Ogari alikuwa wa kwanza kufika, na wengine sita nyuma yake. Wakaning'inia upande wangu kwa mikono na vifua, wakivuta madigadi na vyuma vya jembe, hakuna aliyeuliza chochote. Gurudumu likagusa chini. Ondieki akageuza usukani kuelekea bondeni, akalegeza breki taratibu mno, na pua ya trekta ikafuata mteremko hadi magurudumu ya mbele yakaingia majini. Hapo akazima.

Tulikaa pale juu sote wawili. Shati lake lilikuwa limelowa lote.

"Ni wewe ulikuwa sahihi," Ogari akaniambia, akihema. "Ulijua uzito wako utasaidia."

"Sikujua," nikasema, na huo ndio ukweli. "Nilipanda kwa hasira tu."

Ondieki akanitazama. Nilimwona akiihesabu safari ile upya kichwani: yeye peke yake kitini, watu wakipiga makofi kule juu, na madigadi ya kulia haina mtu. Nikamshika shingo kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti mbele ya kikundi kizima.