Siku Sose Alipokataa Kupanda

"Leo sipandi," alisema Sose Montour, akakisukuma kikombe chake cha kahawa mpaka katikati ya meza, kama mtu aliyemaliza maneno yote aliyoamka nayo.

Walikuwa jikoni kwa Kateri Lahache, huko Brooklyn. Nyama ilikuwa bado inalia kwenye kikaango, na mkate wa mahindi wa kuchemsha, ule wenye maharage mekundu ndani yake, ulikuwa unatoa mvuke mezani. Wanaume watatu waliobaki waliinamisha macho kwenye sahani zao. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata Kateri, ambaye kwa kawaida huuliza kila kitu, aligeuza nyama tu.

Mumewe, Angus, aliendelea kutafuna bila kujua anatafuna nini.

Siku zote alizopanda vyuma vya majengo, na alianza kupanda kabla hajaota ndevu, hakuna asubuhi aliyoingoja kama hiyo. Siku hiyo nguzo ya mwisho ya mnara ingepandishwa, na mnara ule ungekuwa jengo refu kuliko yote yaliyowahi kusimamishwa na mikono ya watu. Msimamizi wao, Garrity, alikuwa amewaahidi wao wanne ribiti za mwisho, zile pini nene za chuma zinazounganisha nguzo. Tena Angus hakuwa na mnara mwingine mbele yake. Bega la kulia lilikuwa limekwisha kwa mtikisiko wa nyundo ya hewa, na masikio yake yalisikia mvumo hata kanisani. Alikuwa amempa Kateri neno lake kwamba baada ya jengo hili watarudi kwao Kahnawake, kijiji cha wenyeji wa asili kando ya Mto St. Lawrence, wakalime mahindi. Katika kila jengo alilofanyia kazi, Angus alikuwa amesimama kileleni. Hili lilikuwa la mwisho, na ndilo lililoyapita yote.

Sasa Sose hapandi.

Kikosi cha ribiti ni watu wanne, na wanne hao ni kama vidole vya mkono mmoja. Peter Goodleaf, ndugu yake Kateri, huzichoma ribiti kwenye jiko la mkaa mpaka ziwe nyekundu kama pilipili, halafu huzirusha hewani kwa koleo. Sose huidaka kila moja kwa kopo la bati, akiwa amesimama juu ya ubao mwembamba na chini yake hakuna kitu ila barabara. Huitia tunduni. Orvis Delisle, mpwa wa Angus, hukandamiza kichwa cha ribiti kwa chuma kizito, na Angus upande wa pili huiponda kwa nyundo ya hewa mpaka iote kichwa kingine. Ribiti ikipoa, hujikaza na kuvibana vyuma viwili vikawa kitu kimoja. Mmoja akikosekana, hakuna kazi.

Kwa watu wa Kahnawake kulikuwa na desturi juu ya jambo hilo. Mtu akisema hapandi, kikosi kizima hakipandi. Na haulizwi sababu, siku hiyo wala baadaye.

Angus aliijua desturi hiyo kuliko wenzake. Mwaka 1907 baba yake aliamka akasema moyo wake haumtumi kwenda kwenye daraja walilokuwa wakijenga. Wenzake wakamtania kwamba mke wake amempikia vizuri mno. Akacheka nao, akavaa buti, akaenda. Jioni ya siku hiyo Daraja la Quebec lilianguka mtoni naye akiwa juu yake. Angus alikuwa Buffalo akijenga ghala, akaletewa habari na mtu aliyeshindwa kuzimaliza.

Hata hivyo, asubuhi hii, moyo wake ulikuwa unapigana naye.

"Mjomba," alisema Orvis kwa sauti ya chini, "nani atamwambia Garrity?"

"Nitakwenda mimi."

"Atakutukana mpaka babu zako."

"Babu zangu hawaelewi Kiingereza," alisema Angus, akavaa kofia.

Peter alicheka kidogo. Sose hakucheka. Alikuwa akitazama viganja vyake, akavifunika kimoja kwa kingine.

*

Garrity, msimamizi wa vyuma, alikuwa Mwairishi mwenye shingo nene na sauti iliyoweza kufika ghorofa ya kumi bila simu. Alimsikiliza Angus huku akitafuna sigara isiyowashwa.

"Anaumwa?"

"Sijui."

"Amelewa?"

"Hapana."

"Basi ana nini?"

"Sijamwuliza."

"Hujamwuliza!" Garrity aliitoa sigara mdomoni. "Mama yangu mzazi! Jengo refu kuliko yote duniani linafika kileleni leo, waandishi wa magazeti wamejaa kama nzi, na wewe hujamwuliza?"

"Kwetu haulizwi."

"Sikiliza, Angus. Mimi nakuheshimu. Nina mdakaji hapa, mtu wa Newfoundland. Mikono yake ni mizuri. Wale wenzako wawili waite kwa simu, baada ya nusu saa wako hapa. Mtadakiwa na Samaki mmoja kwa siku moja tu. Utakufa?"

Watu wa Newfoundland waliitwa Samaki na kila mtu kazini, nao waliwajibu wengine kwa majina mabaya zaidi. Yule mdakaji alikuwa amesimama karibu na kizimba cha kupandishia watu, kopo lake mkononi. Alikuwa na uso mpole.

"Sitakuharibia kazi, mzee," alimwambia Angus. "Nimekuona ukipiga. Itakuwa sifa kwangu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angetukanwa, angeondoka upesi. Lakini aliombwa kwa adabu, na kizimba kilikuwa wazi, na kebo yake ilipanda moja kwa moja mpaka pale alipotaka kuwa kuliko mahali pengine popote. Angus aliingiza mguu mmoja. Sakafu ya mbao ilitikisika chini ya buti lake, mtikisiko anaoufahamu kama mlango wa nyumba yake. Mwendesha kizimba alishika mkono wa mashine.

"Unapanda au hupandi, baba? Mimi sina siku nzima."

Angus alimwona Sose pale mezani, viganja vimefunikana. Akipanda bila Sose, kesho Sose atajua kwamba kusema "sipandi" mbele ya Angus Lahache kuna gharama yake. Na siku nyingine, moyo wake ukimkataza tena, atanyamaza. Atavaa buti, atacheka na wenzake, atapanda.

Akautoa mguu.

"Wape Samaki ribiti za mwisho," alimwambia Garrity. "Kikosi chao wenyewe, na wazipige vizuri."

"Wewe ni mjinga, unajua?"

"Najua."

"Kesho saa moja asubuhi," alifoka Garrity, akigeuka. "Wote wanne! Au nisiwaone tena!"

*

Angus alitoka nje ya uzio, akavuka barabara, kisha hakujua la kufanya na miguu yake. Saa kama hiyo hakuwahi kuwa ardhini. Watu walimpita wakiharakisha kwenda maofisini, wengine wamesimama kando na shingo zao zimepinda nyuma. Akasimama pamoja nao. Akainua macho.

Alikuwa amelijenga jengo lile tangu nguzo zake za kwanza zilipokalishwa juu ya mwamba. Alilijua kwa boriti, kwa tundu, kwa ubao. Lakini hakuwahi kulitazama. Kila asubuhi alifika giza halijaisha vizuri, akaingia kwenye kizimba, na jioni akatoka akiwa ameinamisha kichwa kwa uchovu. Sasa macho yake yalipanda, yakapanda, yakapita mahali alipodhani panatosha, na jengo likaendelea. Sehemu ya chini ilikwisha kuvikwa mawe meupe. Juu yake vyuma vitupu vilikuwa vyekundu kwa rangi, na juu zaidi vikawa vyembamba kama nyuzi, kisha vikaingia kwenye ukungu mwepesi na kutokea tena upande wa pili. Wingu lilipita nyuma yake, na kwa nukta moja Angus aliona kana kwamba ni mnara unaotembea. Alishika nguzo ya taa.

"Kila mtu hushika kitu," alisema mtu kando yake.

Alikuwa Lindqvist, mhandisi wa vipimo, Mswidi mrefu aliyevaa koti refu. Alikuwa ameisimamisha darubini yake ya kupimia juu ya miguu mitatu, karibu na duka la tumbaku.

"Hata wewe, bwana?" aliuliza Angus.

"Mimi ndiye wa kwanza. Nimelichora, nimelipigia hesabu. Najua lina uzito gani na upepo utalisukuma kiasi gani. Unajua tulizikata nguzo ndefu kuliko kwenye mchoro? Kidogo sana, lakini ndefu. Jengo likikua, uzito wake mwenyewe huzifinya, hupungua urefu. Kwa hiyo tulikisia litapungua kiasi gani kabla halijakuwepo." Alitikisa kichwa. "Na limepungua kiasi hichohicho. Niliposoma kipimo jana sikulala. Hesabu ni karatasi tu, ndugu yangu. Chuma hakikuwa na lazima ya kutusikiliza."

Kisha akauliza, "Lakini wewe si ulikuwa uwe juu?"

"Mdakaji wangu hapandi leo."

Lindqvist alimtazama kidogo, halafu akasogea kando. "Njoo. Weka jicho hapa. Usishangae, kioo hiki hugeuza kila kitu juu chini."

Angus aliinama. Mwanzo hakuona kitu ila weupe. Kisha mnara ukaja, na uligeuka kweli. Haukuwa umesimama tena. Ulining'inia. Dunia yote ilikuwa juu yake, na mnara ulishuka kutoka duniani kuingia katika mbingu isiyo na mwisho, kama mzizi mrefu unaotafuta maji. Na kwenye ncha ya mzizi ule, watu wadogo wanne walikuwa wamekanyaga ubao kwa miguu iliyoelekea juu, nao hawakuanguka.

Angus alisahau kupumua. Maisha yake yote alikuwa mmoja wa wale.

Nguzo ya mwisho ikaingia ndani ya kioo, bendera ndogo imefungwa kwenye kichwa chake. Ilizunguka taratibu kwenye kamba ya winchi. Mkono mmoja uliishika, ukaituliza kama mtu anavyomtuliza farasi. Ikakaa.

"Kulia kidogo," Lindqvist alinong'ona baada ya kushika tena darubini, akainua kibendera chake. Huko juu kuna mtu aliyekiona. "Kidogo tena. Hapo. Hapo!"

Kisha ikasikika nyundo ya hewa, mbali, kama ndege anayegonga mti ng'ambo ya mto. Angus alikunja uso akasikiliza. Masikio yaliyoshindwa kusikia mahubiri yalisikia hiyo. Mpigaji hakuharakisha. Alimaliza kila kichwa kabla ya kuhamia kingine.

"Anapiga vizuri, yule Samaki," alisema.

Watu barabarani walivua kofia na kupiga kelele, honi za magari zikalia. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Na katikati ya kelele zile, mtu alimgusa Angus kiwiko.

"Umesimama mahali pangu," alisema Kateri.

Alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili.

"Mahali pako?"

"Ama hapa au kona kama hii. Kila jengo, siku ya kilele, nakuja. Ulidhani nakaa nyumbani nachemsha mkate?"

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ungevimba kichwa, kofia ingekubana." Aliinua uso kutazama juu. "Mwishoni daima kuna mtu anayevua kofia na kujifuta jasho. Nasema, yule ni wangu."

"Kule juu wote huvua kofia na kujifuta jasho, Kateri."

"Basi miaka yote hii nimekuwa nikimpenda mmoja wao, sijui yupi."

Angus alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtazama mkewe, shingo imepinda nyuma, mdomo wazi kidogo, na akaona kwamba furaha na hofu ya kila kilele, yeye alikuwa amezibeba huku chini peke yake.

"Leo uko chini," alisema Kateri bila kushusha macho. "Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri. Ingekuwa haikuumi ningeogopa." Akampa mkono. "Lakini litazame, Angus. Mungu wangu, litazame."

Wakalitazama wote wawili mpaka shingo zikachoka.

*

Kesho yake Sose alimaliza kahawa yake, akasimama, akafunga kamba za buti. Wenzake wakachukua kofia zao. Mlangoni, alipompita Angus, alimgusa bega lile bovu kwa kiganja kizima, akaendelea na ngazi.

Zilikuwa zimebaki ribiti za chini ya kilele, mahali penye vyuma vya kuzuia upepo, na Garrity aliwapeleka huko bila salamu. Peter alirusha, kopo la Sose likalia *ting'*, Orvis akakandamiza, Angus akapiga. Wakati wa kula, Angus alipanda peke yake mpaka juu kabisa. Alipitisha kidole gumba juu ya vichwa vya ribiti za Samaki, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vya mviringo, bila ufa. Chini ya buti zake mnara uliyumba kidogo sana, ukarudi, kama kifua cha kitu kikubwa kilicholala.

Akatafuta kona ya duka la tumbaku. Hakuiona vizuri, ilikuwa mbali mno, na huenda hapakuwa na mtu. Hata hivyo alivua kofia, na badala ya kujifuta jasho akaipunga kwa mkono wa kushoto, mara mbili, ili safari hii asichanganywe na wengine.