Nondo Chini ya Duara

1.
TANGAZO
Duara la kupimia dira za ndege, Uwanja wa Luhombelo, limekarabatiwa na liko tayari kwa matumizi. Magari na vyuma vyote vikae mbali.

2.
Mimi Tumpale, fundi wa ndege. Asubuhi niliiweka ndege ya Kapteni Kihwele katikati ya duara, nikaizungusha na kuirekebisha dira kila upande. Kifaa chake cha setilaiti kilikuwa kimekufa. Dira ndiyo macho yake. Akampakia mama mwenye uchungu, na mkunga, akaruka.

3.
Kantini. Komba, msimamizi wa ujenzi, anakunywa chai:
"Lile zege halipasuki tena. Safari hii tumelisuka nondo."
"Nondo? Wapi?"
"Si pale kwenye duara, dada. Chini kote."

4.
Nondo ni chuma. Chuma huvuta sindano ya dira. Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi nilikuwa bado nakimbia.

5.
Nikasimama pale na dira ya mkononi. Nikasogea, sindano ikahama. Nikasogea tena, ikarudi, ikapitiliza.

Sikuirekebisha dira ya Kihwele.

Niliiharibu.

6.
"Kihwele, Tumpale hapa. Usiiamini dira. Narudia, usiiamini."
"Ndiyo maana naona maji. Njia yangu haina maji."
"Jua liko wapi?"
"Moshi mtupu, wanachoma mashamba. Ngoja... bega la kulia."
"Liweke mgongoni. Nenda hivyo hivyo mpaka uone barabara."
"Naenda."
"Mafuta, Kihwele?"
"Usiniulize."

7.
Mimi ndiye mkunga, Atukuzwe. Rubani alikuwa akijisemea, jasho likimtoka. Nikamwambia mama: nitazame mimi, dirishani usitazame. Sukuma.

8.

"Kihwele, Tumpale hapa. Kihwele?"

9.
Simu, mchana:
"Tumetua barabarani, kijiji sikijui jina. Tulipaa watatu, Tumpale. Tuko wanne."
Nilikaa chini, palepale sakafuni.

10.
Mkuu wa uwanja, Bwana Sanga, mlangoni mwa chumba cha redio:
"Mungu mkubwa. Basi yaishe. Duara tutalifumua kimyakimya."
"Mkuu, kuna ndege nyingine zimepimwa pale."
"Hatujasikia lolote kutoka kwao."
"Ndilo ninaloliogopa."
"Tumpale, weka hicho kipaza sauti chini. Unafikiria kazi yako?"

11.
Nikabonyeza.

"Ndege zote zilizopimwa Luhombelo, ndege zote, msiziamini dira zenu."

Mkwaruzo.

Mkwaruzo.

Kisha sauti nisiyoijua, ya mbali sana:
"Luhombelo, rudia. Umesema dira?"