Ukuta Wenye Malkia Wengi

Kosa ni langu, tena nimelifanya nikiwa na diploma ya wadudu, imening'inizwa sebuleni. Niliona msururu wa sisimizi ukipanda ukuta wa jikoni, nikasema hawa ni walewale weusi wa uani, wanaochimba chini ya mawe. Miwani nilikuwa nimeiacha chumbani, na bila miwani kila sisimizi ni mweusi. Nikachukua bomba la dawa, nikapuliza ukuta mzima, nikaenda kuoga huku napiga mluzi.

Nyumba yetu ni ya urithi, imekatwa katikati kwa ukuta wa matofali. Upande huu mimi na mke wangu. Upande wa pili dada yangu mkubwa, anayeoka keki za kuuza. Kesho yake sisimizi walikuwa kwenye keki ya harusi ya mteja wake, wametapakaa juu ya krimu kama ufuta. Mteja akaikataa. Dada akaja mpaka mlangoni kwangu, akanitazama, akarudi kwake. Mtu ambaye alikuwa ananigombeza hata nikipiga chafya vibaya, tangu siku ile hanisemeshi.

"Daktari wa wadudu," mke wangu akasema, "umewahamisha wagonjwa wodi."

Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Nikanasa mmoja kwa selotepu, nikavaa miwani, nikamtazama kwa lenzi. Rangi ya chai ya maziwa. Kiuno kina mafundo mawili, na zile pembe za kupapasia zimevimba nchani kama rungu. Wa uani wana fundo moja, na malkia wao ni mmoja. Ukimpata, kazi imekwisha. Hawa malkia wao ni wengi, na hawachimbi, wanatafuta ufa wenye joto. Ukiwapulizia, kila malkia anafungasha, anachukua watumishi na watoto, anaenda kufungua mji wake. Nilizima umeme, nikafungua soketi ya jikoni, nikawakuta wanahamisha mayai. Nyuma ya soketi ile, upande wa pili, ndipo ilipoegemea oveni ya dada.

Dawa yao ni kuwalisha. Unachanganya kiini cha yai, asali na sumu kidogo mno, ili mbebaji asife njiani, aifikishe kwa malkia wote. Wakati huo hupulizi, hufuti njia yao, unawaangalia wakila kama wakwe. Na lazima chakula kiwe pande zote mbili, maana wao hawana habari kwamba tuligawana.

Tabu ni kwamba dada naye alishanunua bomba lake. Nilimsikia kupitia ukutani, fsss, fsss, na kila akipuliza malkia wengine wanafungasha. Nikamtuma mke wangu. Akarudi na majibu: mwisho wa mwezi kuna harusi nyingine, na keki hiyo ikiharibika, dada anafunga jiko, anahamia kwa binti yake, upande wake anaupangisha kwa yeyote. Kuhusu ushauri wangu, alisema ameshauona kwenye krimu.

Basi nikaandaa kisahani, nikazunguka mwenyewe. Ndani redio ilikuwa inaongea na harufu ya vanila ilifika mpaka barazani. Nikabisha. Redio ikazimwa. Chini ya mlango nikaona kivuli cha miguu.

"Dada, ni mimi. Hiki kiweke karibu na soketi, na usipulize tena. Keki weka mezani, miguu ya meza itie kwenye makopo ya maji mpaka hawa waishe. Kosa lilikuwa langu, sikuwaangalia. Na kisahani ni chako, kile ulichosema nimekiiba."

Nikakiweka kisahani chini, mlangoni. Kivuli hakikusogea. Sisimizi mmoja akatoka chini ya mlango, akakizunguka kisahani, akarudi ndani kuwaambia wenzake.

"Basi nitukane hata kidogo, dada."