Hedifoni, Spika na Mvua ya Saa Tisa

Chepchirchir alikuwa ameuawa mara mbili katika nusu fainali, mwaka juzi na mwaka jana, na mara zote mbili alipigwa risasi ya mgongo. Ni kwenye gemu, lakini usithubutu kumwambia kwamba ni gemu tu, maana atakununia wiki nzima. Mara zote mbili adui alikuja kwa miguu yake, akakanyaga vigae, akapasua vioo, na Chepchirchir hakusikia kitu.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mashindano yale ya mji wa Litein yalikuwa ya walio chini ya miaka ishirini na tano, na yeye angeitimiza Oktoba. Jozi itakayoshinda ingechukuliwa na timu moja ya Nairobi, mwaka mzima wa kucheza kompyuta kama kazi, na mshahara juu. Akishindwa, ni mashine za kusaga majani chai mpaka nywele zigeuke mvi.

Si kwamba kazi ya kiwandani ilikuwa mbaya. Humo ndani mngurumo ni mkubwa hivi kwamba ukiitwa kando ya sikio hutambui. Kila mtu huvaa kinga ya masikio, zile kubwa za manjano, na watu huongea kwa vidole. Lakini Chepchirchir alikuwa na kipaji ambacho hata fundi mkuu, mtu mgumu wa kusifu, alikikubali. Katikati ya kelele ile yote aliweza kusikia beringi moja ikianza kulalamika, siku mbili kabla haijavunjika.

Baba yake, Mzee Hezekiah, alikuwa na ekari moja na nusu ya chai nje ya mji, na kwake kitu kisichoingia kapuni hakikuwa kazi. Kila alipomkuta bintiye ameinamia gemu kwenye simu, aliuliza swali moja.

"Unachuma nini hapo?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Na Chepchirchir, mwenye jibu la kila kitu, hilo hakuwahi kulijibu.

Mwenzake katika jozi alikuwa Bonareri, wa shifti moja naye, msichana mwenye shabaha ya kutisha na mdomo wa kutisha zaidi. Walifanyia mazoezi nyuma ya duka la Onyiego, anayeuza na kutengeneza vyombo vya umeme karibu na stendi. Kila asubuhi wakitoka shifti ya usiku walipitia hapo, wakanywa chai na mandazi, wakaketi mbele ya kompyuta mbili na kuanza kuua watu.

Onyiego alikuwa mtu wa spika. "Gemu inataka isikike na kifua," alisema, akawaunganishia mbili kubwa kama debe la maziwa. Kweli ilikuwa raha. Bomu likilipuka, vioo vya dirisha vilitetemeka, na waendesha boda walikuja mlangoni kuuliza nani amekufa. Bonareri alicheka mpaka akamwaga chai. Ila bomu lilimeza nyayo zote, na asubuhi ile peke yake Chepchirchir alikufa mara tisa.

Siku ya tatu Onyiego aliwatolea hedifoni mbili, zile za matundu ubavuni, zinazopitisha hewa. Chepchirchir alivaa. Mji wa vifusi wa ndani ya gemu ulikuwa umefunguka wote. Alisikia mkebe ukibingirika, maji yakidondoka ghorofani, na mtu akipumua nyuma ya ukuta wa nyumba ya tatu.

"Bona, kuna mtu hapo juu."

"Wapi? Sioni mtu."

"Piga dirisha ya kushoto."

Bonareri akapiga, na mtu akaanguka. Wakatazamana wakiwa wamefunga midomo kwa furaha, kama watoto walioiba sukari. Wiki nzima hakuna aliyewaweza.

Kulikuwa na kifaa cha tatu, lakini hicho hakikupewa nafasi. Rebeccah, mpiga kinanda wa kanisani kwao, alipitia dukani akaona wanahangaika, akafungua mkoba na kutoa iafoni zake za waimbaji. Zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, za kuzamishwa ndani ya sikio, waya ukizungushwa juu.

"Mimi hukaa karibu na ngoma," Rebeccah alieleza. "Bila hizi siwezi sikia hata noti yangu mwenyewe. Hizi zinafunga mlango. Ngoma inabaki nje, kinanda inabaki ndani."

Chepchirchir akazivaa, waya ukapita juu ya sikio kama nyanya yake alivyokuwa akikunja ndewe zake ndefu juu ya masikio zisinaswe na miti. Mji ukawa mwembamba kama ujia, na masikio yakamwasha. Alishukuru kwa adabu, akazitia mfukoni na kuzisahau. Ukishaonja hedifoni kama zile, nani atakuonyesha punje za mahindi?

Sasa tazama kosa lao. Majaribio yote hayo waliyafanya asubuhi, jua likiwaka na mabati yakiwa kimya. Watu wa kwetu hawaizungumzii mvua ya saa tisa alasiri, kama vile hawazungumzii pua zao. Inakuja, inanyesha, tunaendelea na shughuli. Mgeni angeiuliza siku ya kwanza. Sisi hatukuiwaza.

Siku ya mashindano, Jumamosi, walifika ukumbini moja kwa moja kutoka kazini, kinga za kiwandani zikiwa bado zinaning'inia shingoni. Msimamizi, dada mmoja kutoka Nairobi aliyevaa makoti mawili, aliwapa fomu. Kila mchezaji aandike kifaa kimoja cha sauti, na akishaandika hakibadilishwi. Bonareri akaandika hedifoni bila hata kukaa. Chepchirchir akashika kalamu, akainua macho afikirie jinsi jina linavyoandikwa, na hapo akaona mabati. Ukumbi ule haukuwa na dari.

"Fainali ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa," akasema msimamizi.

Akamgeukia mwenzake. "Bona. Mvua."

"Mvua imefanya nini? Si inanyesha kila siku."

"Ndio hiyo. Kila siku. Na hizi hedifoni ziko na matundu, kila kitu inaingia."

Bonareri akatazama juu, akatazama fomu yake ambayo msimamizi alikuwa tayari ameiweka kwenye faili. "Na kama haitanyesha? Hiyo kitu ya kanisa itatumaliza asubuhi hii, hata hatutafika hiyo saa tisa."

Lilikuwa neno la kweli. Hedifoni zingewapitisha asubuhi bila jasho. Iafoni zingeweza kuwatoa mzunguko wa kwanza, na Oktoba haimngoji mtu. Akamkumbuka Rebeccah na mlango wake, akapapasa zile iafoni zilizokuwa bado mfukoni, akaziandika, akasukuma fomu haraka kabla mkono haujabadilisha nia.

Asubuhi ilikuwa taabu tupu. Masikio yaliwasha, mji ulikuwa mwembamba, na mara mbili alipigwa kwa sababu alisikia mtu lakini hakujua yuko mbali kiasi gani. Bonareri aliwabeba wote wawili kwa shabaha yake, huku akimtukana mwenzake kwa Kikisii na Kiswahili. Walipita kwa tundu la sindano. Walipita tena. Saa nane unusu wakaambiwa wako fainali, na Bonareri akamkumbatia kana kwamba hajamwita kila jina baya.

Wapinzani walikuwa vijana wawili wanafunzi kutoka Kabianga, wastaarabu sana, waliowasalimia kwa mkono kabla ya kuanza kuwachinja. Nao walivaa hedifoni za matundu, ghali kuliko za Onyiego. Jozi ya kwanza kushinda raundi tano ndiyo bingwa. Ilipofika saa tisa na dakika kumi, Kabianga walikuwa na nne, akina Chepchirchir moja.

Ndipo tone la kwanza likagonga bati.

Likaja la pili, yakaja mengi, halafu hayakuwa matone. Ilikuwa mvua ya mawe. Ukumbi ulijaa mshindo mmoja usio na mwanya, watu wakaziba masikio, na msimamizi akafungua mdomo bila kusikika. Akaandika kwenye karatasi kwamba watu wa Nairobi wanatazama moja kwa moja, mchezo hausimami. Chepchirchir akahisi kitu kikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa akitabasamu. Hiyo kelele aliijua. Hiyo ilikuwa kelele ya kazini.

Akavuta kinga ya manjano kutoka shingoni, akaivaa juu ya iafoni. Msimamizi akaja mbio, akaonyesha fomu, akainua kidole kimoja. Kifaa kimoja tu. Chepchirchir akachukua kalamu, akaandika chini ya karatasi ile: "Hii haileti sauti. Inatoa." Msimamizi akaigeuza kinga huku na huku akitafuta waya, akakosa, akacheka mabega yakitikisika, akairudisha.

Mlango ukafungwa. Mawe yakabaki nje, mji ukabaki ndani. Bado ulikuwa mwembamba, lakini katika wembamba ule kila unyayo ulisikika wazi. Aliusikiliza jinsi anavyosikiliza mashine, bila kutafuta sauti kubwa, akingojea ile ndogo isiyofanana na nyingine.

Vijana wa Kabianga hawakusikia kitu. Ungewaona wakikandamiza hedifoni kwa viganja, wakipigiana kelele masikioni. Hata Bonareri hakusikia kitu, kwani kinga yake isingeenea juu ya hedifoni, lakini Bonareri hakuhitaji masikio. Ndani ya gemu Chepchirchir alisimama pembeni mwa ukuta, akatoa mkono wa kushoto kwenye kibodi, akaonyesha kiganja kikiwa kimelala. Kila mtu wa kiwandani anaijua ishara hiyo: punguza mwendo. Bonareri akapunguza. Kisha vidole viwili, upande wa kulia. Bonareri akageuka, akapiga wawili.

Mbili. Halafu tatu. Raundi ya nane Bonareri alikufa mapema, Chepchirchir akabaki peke yake na wawili, na aliwasikia wote wawili wakipanda ngazi, mmoja akivuta mguu kidogo nyuma ya mwenzake. Akawangojea juu. Nne kwa nne.

Raundi ya mwisho alikaa chini ya dirisha moja la ule mji wa gemu. Bonareri alikuwa mbele, akisogea kwenye uwanja wazi. Chepchirchir akasikia kioo. Kipande kimoja tu, kimekanyagwa kwa uangalifu, na hakikuwa mbele. Kilikuwa nyuma yake, pale pale alipofia mwaka juzi na mwaka jana. Akainua ngumi kwa Bonareri: simamisha mashine. Bonareri akaganda, na risasi aliyowekewa mbele ikapita hewani. Chepchirchir akageuka na kupiga kabla hajaona mtu, na mtu akaanguka mlangoni. Bonareri akammaliza yule aliyekosa.

Alipovua kinga na kuchomoa iafoni, ukumbi ulikuwa ukipiga kelele kuliko mabati. Mvua ilikuwa imekatika, hakujua tangu lini. Bonareri alikuwa akilia na kutukana kwa pamoja. Msimamizi alikuwa akiwatafutia karatasi za kutia sahihi.

Alitoka mlangoni kupunga hewa, akaona barabara nyeupe yote. Watoto walikuwa wakichota mawe ya barafu kwa vikombe. Ndipo akakumbuka chai ya baba yake. Dakika thelathini nzima alikuwa ameiombea mvua ile isikome.

Simu ikalia. Alikuwa baba yake.

"Chepchirchir. Mawe imepiga huku."

"Sana, Baba?"

"Shamba imebaki vijiti. Hakuna jani hata moja." Ilisikika gambuti yake ya mpira ikivunja barafu, hatua moja, hatua nyingine, na Chepchirchir akajua yuko mstari gani wa chai. "Hata miezi miwili hatutachuma."

"Pole, Baba." Alitamani kumwambia kwamba ni yeye aliyeiomba.

"Ni mvua. Itaota tena." Hatua za mzee zikasimama. "Na wewe huko? Umechuma?"

Machozi yakamtoka hapo, katikati ya watu waliokuwa wakimpiga mabega.

"Nimechuma, Baba."

"Kapu imejaa?"

"Imejaa."

"Basi kuja nyumbani," akasema Mzee Hezekiah. "Kuja unieleze hiyo shamba yako iko namna gani."