Moto Haujui Mkwe

Februari ikifika huku chini ya msitu wa Elgon, nyasi hukauka mpaka ukizikanyaga zinalia. Kila mtu wa huku anajua siku ya upepo si siku ya kuchoma mabua ya mahindi. Lakini kuna mtu alichoma. Ni nani, hayo si maneno ya leo. Saa sita mchana moshi ulikuwa umesimama kilimani kama ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa unateremka.

Hesbon alikuwa ametoka Kibomet asubuhi kumletea mama mkwe wake dawa. Nabwile alikuwa ameanguka akienda kuteka maji, akavunjika nyonga, na sasa hakuweza hata kujigeuza kitandani. Jentrix, binti yake, ndiye angekuja, ila alinyimwa ruhusa kazini, akamtuma mumewe.

Sasa Hesbon ni Mbukusu wa Mabanga, na Nabwile ni Mbukusu. Kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Zipo sherehe za kupunguza hiyo aibu, lakini kila mwaka Hesbon alisema mwaka ujao. Kwa hiyo tangu aoe hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba ya Nabwile. Dawa alimpa jirani, Wamboi, mke wa Gicheru, awe ndiye anaingia na kutoka. Yeye alikaa nje chini ya ghala akiwa ameupa mlango mgongo, akinywa chai.

Wamboi alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, mdomo mwepesi. "Mnasumbuana bure," alimwambia kila mara. "Kwetu Wakikuyu mama mkwe unamsalimia, unamtania, anakupikia maharagwe ya njahi, mambo yanaisha."

"Kwenu ni kwenu, mama," Hesbon alijibu.

Hapo ndipo Gicheru alipotokea mbio, shati limeloa jasho, panga mkononi.

"Moto umevuka bonde. Wanaume tunapanda juu na matawi, tuone kama tutauzuia pale kwa njia ya ng'ombe. Nyinyi nendeni kwa shamba la Muturi, lile limelimwa na trekta. Msijifungie kwa nyumba, msiingie kwa migomba. Kaeni kwa mchanga mtupu, katikati kabisa. Moto ukikosa chakula unapita."

"Na zimamoto?" Wamboi aliuliza.

"Ati iko njiani. Njia gani, sijui."

Akaondoka. Hesbon alivunja tawi la mti, akataka kumfuata. Wamboi akamshika mkono.

"Wewe unaenda wapi? Na huyu mama?"

Hesbon aliangalia mlango kisha akaangalia chini. "Si nyinyi wanawake..."

"Wanawake gani? Wamekwisha kuondoka na watoto. Niko mimi peke yangu, na huyu mama ni mara mbili yangu. Baba Mukhisa," akamwita kwa jina la mtoto wake, "ingia ubebe mtu."

Sauti ya Nabwile ilitoka ndani, nzito, haina haraka, l nyingine akizitamka r. "Hesbon. Usikanyage hapa. Kaa huko huko mbari na huo mrango."

Alikaa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mwanaume mzima mwenye nguvu za kuinua injini ya kinu cha posho, anasimama uani mikono ikining'inia, majivu yanaanza kumwangukia kichwani.

Wamboi aliingia. Zikasikika pumzi zake, "simama kidogo, jishike hapa," halafu kishindo, na Nabwile akapiga ukunga wa maumivu. Wameanguka wote wawili. Hesbon alifika hadi kizingitini. Mguu ukainuka, ukarudi chini.

Alimpigia Jentrix.

"Moto uko karibu. Mama hataki nimbebe."

Kisha Jentrix alisema, "Mpe simu."

Wamboi akaipokea simu mlangoni. Hesbon alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kupitia ukutani. "Jentrix mtoto wangu. Unataka nikashikwe na mume wako? Nimezeeka nikiwa na heshima yangu. Hapana. Hapana, usirie. Mwambie aende asaidie wengine." Kisha simu ikakatika, Wamboi akipiga haiingii tena.

Moto ulikuwa umeanza kusikika. Watu hudhani moto unaonekana tu, lakini ule ulikuwa na sauti kama lori linalopanda mlima bila kufika. Kutoka juu wanaume waliitana wakiambiana wakimbie, halafu hawakuitana tena, na Hesbon alijua kwamba njia ya ng'ombe haikuuzuia.

Akaona wilbaro ya kubebea samadi. Akaifikisha mlangoni kinyumenyume, uso ukitazama uani.

"Mama Wamboi, mburute na godoro. Umpakie hapa. Nitasukuma, sitamgusa. Mfunike blanketi."

Ndani wakashauriana. Nabwile akasema, "Hiyo ni sawa." Hesbon akaishikilia wilbaro isiyumbe.

Ilichukua muda mrefu kuliko uliokuwepo. Wamboi aliburuta akipumzika, akiburuta akimwita Mungu kwa Kikuyu. Mwishowe godoro likateleza kutoka kizingitini hadi ndani ya wilbaro, ikashuka chini kwa uzito, na Hesbon akageuka. Aliona blanketi la kijani tu, na unyayo mmoja. Akasukuma. Moshi ulikuwa umefika uani, mbuzi wa Gicheru akawapita akikimbia na kamba shingoni.

Njiani ilikwenda vizuri. Wamboi mbele, leso mdomoni, yeye nyuma akitazama gurudumu. Akafikiri, tumeshinda. Lakini walipoingia kwa shamba la Muturi, gurudumu lilizama kwenye udongo wa trekta hadi kwenye ekseli. Alisukuma likazama zaidi. Akavuta, mshikio mmoja ukang'oka ukabaki mkononi mwake. Na walikuwa pembeni kabisa, hatua chache kutoka kwenye nyasi.

Mikaratusi ya mpakani ikashika moto. Mti wa kwanza uliwaka wote mara moja, kama umemwagiwa mafuta.

"Baba Mukhisa," Wamboi alisema, sasa bila mzaha wowote, "moto haujui mkwe."

Hesbon akainama akamwinua. Nabwile alimpiga kifuani, akampiga usoni, akisema kwa Kibukusu maneno ambayo Hesbon hajayarudia kwa mtu yeyote. Blanketi lilidondoka. Akakimbia na mzigo ule juu ya matuta, akianguka goti, akiinuka. Katikati ya safari yule mama aliacha kupiga. Akawa mzito kama mtu aliyelala, na hilo ndilo lililomtisha Hesbon zaidi.

Walilala kifudifudi kwenye mifereji ya jembe, nyuso kwenye udongo. Hakukuwa na la kufanya tena. Moto ulipita kulia na kushoto, joto likiwalamba migongo. Mabati ya nyumba ya Nabwile yalilia yakijikunja, na mahindi ya ghala yakapasuka kama bisi, kwa muda mrefu.

Ulipokwisha kupita, Wamboi aliinuka, akakohoa, akawahesabu kwa macho. Wote wazima. Nabwile alikuwa amejivuta akawapa mgongo, amejifunika uso kwa leso ya Wamboi.

"Muulize kama ameumia," Hesbon alisema.

"Si yuko hapo. Muulize mwenyewe."

Hesbon alijisogeza mbali, akawapa mgongo.

Jentrix alifika jioni na pikapu ya Matthew, mwenye duka la dawa za mifugo. Alikimbia juu ya matuta, akamkumbatia mama yake, akamtazama mumewe: uso mweusi, nyusi zimeungua.

"Ulimbeba?"

"Nilimbeba."

Nabwile alisema, bila kufunua uso, "Nguo yangu ilipanda."

Wamboi, ambaye hakosi la kusema, alitazama mikono yake.

"Sikuona kitu," Hesbon alisema. "Moshi ulikuwa machoni."

"Ariona," Nabwile alimwambia binti yake. "Mimi siwezi kuingia kwa gari na yeye. Wala kwa nyumba yake. Nyumba yangu imeisha, basi niacheni hapa."

Jentrix alisimama katikati ya hao wawili. Kila upande alioutazama palikuwa na mtu wake.

"Mpelekeni hospitali," Hesbon alisema. "Mimi nitabaki."

Walimpakia nyuma kwenye godoro lililokuja na pikapu, Hesbon akiwa ametembea mbali akageukia mlima, ambako moto ulikuwa bado unaendelea kwa watu wengine. Jentrix alimfuata. Alimshika kiwiko, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Asante," alisema, kwa sauti ya chini sana, ili mama yake asisikie.

Kisha akarudi garini.