Asubuhi Mtaa Mzima Ulipoomba Moto

Kwetu Kasongo, katika mtaa wetu huu unaoshuka kuelekea kisimani, mwanamke hawashi moto wake peke yake. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, ila ndivyo tunavyoishi. Anayetangulia kuamka ndiye anawasha, na wengine wanatoka na vigae vya chungu, vifuniko vya sufuria na makopo. "Hodi, naomba moto." Unapewa makaa mawili matatu, na huondoki kimya. Unakaa kidogo kwenye kigoda, unaacha habari: mtoto amekohoa, bwana hakurudi, mbuzi wa fulani ameingia katika mpunga wa fulani. Redio tunazo, simu tunazo, lakini habari yenyewe hasa inatembea na moto.

Sasa nifikirie mimi asubuhi ile, nikisikia nyuma ya ukuta wa mianzi, katika parseli, kiwanja cha jirani yetu Baba Grégoire: chwaa! Kiberiti.

"Umesikia?" Pascaline aliniuliza. Pascaline ni jirani yangu wa upande wa juu, sauti yake inafika sokoni yeye akiwa bado anatafuta viatu.

"Nimesikia."

"Siku ya kwanza nikasema sawa, ni mgeni. Lakini huyu ni juma zima anawasha na kiberiti! Anaona moto wetu iko na ugonjwa?"

Mgeni mwenyewe aliitwa Dieudonnée. Alikuja kutoka Salamabila kwa pikipiki, na begi moja, godoro lililokunjwa, na mtoto wa kike mgongoni aliyeitwa Olga, macho makubwa, mashavu kama amejaza wali. Alipangisha chumba cha nyuma kwa Baba Grégoire, na kila siku alikwenda kwa Mama Emilienne kujifunza kushona. Salamu alitoa vizuri, sitamsingizia. "Jambo mama, jambo baba," halafu mlango unafungwa. Bwana hakuonekana, na baba wa mtoto hakutajwa. Wengine wakasema ni mfanyabiashara wa dhahabu mwenye tumbo, wengine wakasema ni dereva, na Pascaline kila siku alikuwa na mwanamume mpya wa kumpa. Sisi tukampa jina: Mama Kiberiti.

Mimi ni Mama Estelle. Nyumba yangu haijawahi kuwa na nafasi. Kuna watoto wangu, kuna watoto wa wifi yangu, na kuna Shangazi wa mume wangu aliyekuja kutoka Nyangwe kututembelea na kikapu cha samaki wakavu. Samaki walikwisha, yeye yuko. Mlango uliofungwa karibu nami unaninyima usingizi. Kwa hiyo jioni moja nikaenda, nikabisha, nikaingia kabla hajasema karibu.

"Binti, weye huombi moto. Tumekukosea nini?"

Alikuwa anamnyonyesha Olga. Aliinama kidogo.

"Hapana, mama. Hamujanikosea kitu. Kule kwenye machimbo, ukiomba kwa mlango wa mutu, chumvi, maji, hata moto, jioni anakuja kwako kudai yake. Na hadai chumvi." Akacheka kidogo. "Kiberiti hakinidai kitu."

Mimi kukaa bila kualikwa, muulizeni mume wangu, si habari mpya.

Nikakaa kwenye godoro. Na kwa sababu nilikaa, akaniambia lililokuwa linamkaba. Kaka yake mkubwa, Faradji, alikuwa anakuja Jumapili kutoka Lusangi. Ukoo wao nusu wanakwenda misa, nusu wanakwenda msikitini, na wote wanamsikiliza Faradji. Tena ni mjomba wa Olga, na neno la mjomba ni zito.

"Anasema akinikuta hapa nakaa kama kuku aliyenunuliwa jana, sina mutu, ananipandisha pikipiki tunarudi. Olga atawekwa kwa mama mkubwa, kule Kabambare. Mimi nitatafutiwa bwana."

"Na kushona?"

"Kushona kunakwisha. Na nimeshajua kukata kola, mama. Kola!" Alisema hivyo huku amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Sasa atajuaje kama uko na watu au hauna?"

"Ataketi karibu na mbabula yangu ya makaa, aangalie nani anakuja kuomba moto. Kwetu Wabangubangu ni vilevile kama hapa kwenu. Namujua kaka yangu, Yaya Faradji."

Basi, ndugu msomaji, kichwa changu kikaanza kuchemka kwa furaha. Nilimwambia: Jumapili, washa mbabula yako mapema, halafu unipe hicho kiberiti juu ya ukuta nikifiche, kwa sababu mtu akiona kiberiti anajua hapa hakuna jirani. Kisha watakuja wanawake wawili, Emilienne na jirani yetu mke wa Asani, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama kila siku.

"Si uongo huo, mama?"

"Ni uongo mudogo. Kengele ya misa ikilia, umekwisha."

Katika jambo hili kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakupaswa kujua, naye ni Pascaline. Nilipotoka nilimkuta amesimama nyuma ya mianzi, sikio amelitega.

Jumapili ikafika. Dieudonnée aliwasha, chwaa, akanipitishia kiberiti, nikakifunga katika pindo la kitenge changu. Faradji akaingia na pikipiki iliyogeuka rangi ya barabara. Mtu mrefu, koti limeshika vumbi, uso wa mtu aliyekuja kwa kazi. Kama dada yake alivyosema, alivuta kigoda mpaka mbele ya mbabula, akampakata Olga, macho mlangoni. Birika la chai lilikuwa juu ya moto. Mimi nilikuwa nyuma ya mianzi, penye tundu. Tundu lile lilitobolewa na mchwa, si mimi.

Emilienne alikuja wa kwanza, amevaa nguo ya kanisa.

"Hodi. Mama Olga, naomba moto."

Mama Olga! Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa mtaa kumwita hivyo, na nilimwona binti anageuza kichwa kutafuta anayeitwa. Emilienne alikaa, akaongea habari ya sindano ya mashine iliyovunjika, akachukua makaa yake kwenye kigae, akaenda. Vizuri kabisa. Baadaye mke wa Asani na kopo lake. Vizuri pia. Faradji aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeanza kukubali.

Laiti ingeishia hapo.

"Hodi!" "Hodi hapa!" "Hodi, Mama Olga!" Wakaanza kumiminika. Wanawake wa kisimani. Wanawake wa mtaa wa juu ambao mimi huonana nao kwenye matanga tu. Emilienne akarudi, amebadilisha kilemba, kana kwamba kilemba ndicho uso. Baba Grégoire mwenye nyumba naye akaja, na beleshi.

"Mimi ni... moto ya kuwashia kiko changu," alisema.

Baba Grégoire hajawahi kuvuta tumbaku tangu azaliwe.

"Mutaa huu wote hauna kiberiti?" Faradji aliuliza.

"Hauna!" wakaitika kwa pamoja, kama kwaya.

Hapo ndipo Pascaline alipofika, amechelewa, anakimbia, kifuniko cha sufuria mbele yake na moshi unamfuata kichwani.

"Hodi, hodi! Mama Olga, mwenzangu wa kila siku, naomba moto!"

Faradji alimtazama. Akatazama kifuniko.

"Mama. Hicho kinachotoa moshi hapo mukononi ni nini?"

Pascaline akainamisha macho. Makaa mawili mekundu yalikuwa juu ya kifuniko chake. Yeye ndiye anayeamka mapema kuliko wote mtaani, kila asubuhi ni wa kugawa, si wa kuomba. Mkono ulishika kifuniko na ukafanya kazi yake uliyoizoea bila kumuuliza mwenyewe.

"Huu?"

"Ndiyo, huo."

"Huu ni wa jana, Mjomba. Umechacha. Nataka mubichi."

Niliuma kitenge changu. Baba Grégoire alianza kukohoa, akakohoa mpaka beleshi likaanguka. Lakini Faradji hakucheka. Alimweka Olga chini, akachungulia ndani ya mbabula. Majivu matupu. Walikuwa wameumaliza moto wote wa watu, na birika limekaa juu, baridi.

"Dieudonnée," alisema. "Mimi nimetoka Lusangi. Mugongo wangu umekuwa na mashimo kuliko barabara yenyewe. Ninataka chai. Washa moto."

Mkono wa binti ukaenda dirishani, pale kiberiti kinapokaa siku zote. Hakuna kitu. Akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye tundu la mchwa, na jicho langu likakutana na lake. Kiberiti kilikuwa hapa, chini ya kiganja changu. Ningeweza kukirusha. Pascaline naye alifungua mdomo, tayari anainua kifuniko chake ampe, na Emilienne akamkanyaga mguu. Hatukuwa tumepanga hilo. Sote tulijua tu kwamba moto huo lazima auombe yeye mwenyewe.

Dieudonnée akaokota kigae kilichokuwa chini ya ukuta, akatoka. Nikakimbia ndani, nikakaa kando ya moto wangu kama mtu aliyekaa hapo tangu alfajiri.

Nilimsikia amefika mlangoni. Hakubisha mara moja.

"Hodi."

"Karibu."

"Mama Estelle..." Akaingia, akaninyooshea kigae. "Naomba moto."

"Chukua, mwanangu. Ila kaa kwanza."

Akakaa. Nilidhani atasema neno moja na kukimbia. Wapi! Alianza na Pascaline na moto wake uliochacha, akacheka mpaka akafuta machozi, na kutoka hapo hakusimama. Alisema Olga alishikwa na homa juma lililopita, naye akakaa naye usiku kucha akisikia watu wanakoroma nyumba zote, asijue mlango gani wa kugonga. Alisema jinsi kola ya kwanza ilivyomkataa, ya pili ikakubali. Alisema hata jina la baba wa Olga, na habari yake yote, taratibu, bila mimi kuuliza. Makaa kwenye kigae yakawa meupe. Nikamwekea mengine. Nayo yakawa meupe. Shangazi wa Nyangwe akasogeza kigoda chake karibu, watoto wakasimama mlangoni wamefungua midomo.

"Hodi!"

Faradji, na Olga begani.

"Mama, dada yangu amekuja kuomba moto ao ameolewa humu?"

"Moto haubebwi kimya, Mjomba."

"Najua. Hata kwetu ni hivyo. Lakini njaa ya kwetu hainaga subira." Akakaa chini, kwenye mkeka, miguu yake ikajaza chumba. Alitazama kigae chenye majivu mikononi mwa dada yake, akatazama kiti alichokalia. Akasema: "Wale wote asubuhi, mulibapanga."

"Tulipanga wawili," nikajibu. "Wengine walijipanga."

Basi hapo kicheko kilimtoka, kicheko kikubwa kuliko nilivyomdhania, mpaka Olga akashika nywele zake asianguke.

"Mwaka ule mimba ilipoonekana," alisema alipopata pumzi, "nilitafuta kijijini mutu mumoja aseme neno zuri juu ya huyu. Neno moja, hata la uongo. Sikumupata. Leo nimeona muzee muzima asiyevuta tumbaku amebeba beleshi, anadanganya kwa ajili yake." Akamgeukia. "Kola unajua kukata kweli?"

"Najua, Yaya."

"Basi utanishonea shati. Nitarudi kulichukua tukimaliza kuvuna mpunga. Nitalikuta hapa. Weye na Olga pia nitawakuta hapa."

Dieudonnée aliinamia moto akaupuliza kwa nguvu, uso wote ndani ya moshi, na moshi ulimsaidia.

Chai ilichemkia kwangu siku hiyo. Hakuna aliyerudi nyumbani kwake. Pascaline alileta sombe ya majani ya muhogo, mke wa Asani akaleta wali, Emilienne akatoka misani moja kwa moja, na Shangazi wa Nyangwe, mama huyu, akafungua begi lake akatoa samaki! Samaki aliotuambia wamekwisha! Tulikula tumebanana mpaka wengine wakawa wanakulia uani. Alasiri Faradji akawasha pikipiki, kiti cha nyuma kitupu, akaondoka na vumbi lake.

Kiberiti kiko kwangu mpaka leo. Olga akija anakichezea kama kayamba, nimemtilia ndani punje za mahindi. Mama yake anakuja na kigae chake kabla mimi sijanawa uso, na anakaa, na anaongea, hata uji wangu umeshika chini mara nyingi. Siku nyingine yeye ndiye anatangulia, nami naenda kwake.

Pascaline tu ndiye hana raha. Jana amenivizia kisimani.

"Mama Estelle, siku ile ulikaa naye sana. Alikuambia baba wa mutoto ni nani?"

"Aliniambia."

Akaweka ndoo chini. Akasogea. "Nani?"

Ulimi ulikuwa tayari, nawaambia ukweli, ulikuwa umeshafika kwenye meno. Kisha nikamwona Dieudonnée anashuka njia, Olga mgongoni, tepu ya kupimia shingoni, anatupungia mkono kutoka mbali.

"Pascaline," nikasema, "ndoo yako inamwagika."

"Ndoo yangu iko tupu!"

"Basi ijaze."