Nukta Mbili za Njano

Mume wangu alichora mchezo mmoja tu wa kompyuta uliojulikana, nao ni ule wa msafiri mwenye kibatari. Wengi waliokuwa vijana enzi zile waliucheza. Msafiri anaingia katika jumba lililoachwa, anatafuta mlango wa kutokea, na mwanga alio nao ni ule wa mkononi mwake. Kila chumba mume wangu alikichora kwanza kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja nukta moja, kwa penseli za rangi, juu ya meza yetu ya chakula. Sisi tulikula tumepakata sahani. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na rangi chache, kwa hiyo alitumia sana nyeusi, na watu wakamsifu kwa giza lake. "Ni ufukara," alikuwa akisema, "ila ukiuvaa vizuri unaitwa mtindo."

Ndani ya jumba lile kuna ngazi, na kwenye kidato cha chini ameketi mtoto wa kike. Hasemi, hajongei, hakupi ufunguo wala fumbo. Huyo ni binti yetu.

Alikufa kwa homa mchezo ukiwa haujafika nusu. Baba yake hakulia mbele za watu. Alirudi mezani akamchora kama alivyokuwa akimwona kila asubuhi: ameketi kidatoni mlangoni, nimemaliza kumsuka, ametupa mgongo anangoja kuambiwa ainuke. Nilikuwa nikimsuka mikia miwili, ncha nikizifunga kwa uzi wa sufu wa njano. Kwenye skrini mtoto mzima hakuzidi ukucha wa kidole gumba. Kichwa cheusi, gauni la kijivu, na kisogoni nukta mbili za njano. Nilimuuliza kwa nini hakumchora uso. Akasema nukta hazitoshi, nami nikamwacha. Picha yake tuliyokuwa nayo ni moja, nimembeba mgongoni, amelala, shali imemfunika hadi kwenye nywele.

Mtoto mwingine hatukujaliwa.

Uzeeni kampuni iliyokuwa imeununua mchezo ilimpigia simu. Walikuwa wanautengeneza upya, wakamwomba awe mshauri wa michoro. Alipiga shati pasi asubuhi, na mchana akalipiga tena.

Ofisini walikuwa vijana watupu, wakamwita Mzee Nukta. Aliwapenda. Alikuwa akirudi na kunisimulia mabishano yao na mkuu wa michoro, kijana mwenye sauti ya upole ambaye alitaka jumba lionekane lote, jua lipenye madirishani, nyufa za ukuta ziweze kuhesabika.

"Mzee, watu wamenunua skrini kubwa. Tukiwapa giza watadhani zimeharibika."

"Basi mpokonyeni msafiri kibatari, mpeni mwavuli."

Walicheka sana, na jua likaingia. Alishindwa kwenye kuta, akashindwa kwenye sakafu, akashindwa kwa msafiri mwenyewe, aliyekuwa mtu wa makamo mwenye kitambi na sasa akageuzwa kijana wa tangazo la sabuni. Kila aliposhindwa aliniletea mzaha. "Leo wamemnyoa ndevu. Kesho watamtafutia mchumba."

"Si uache tu, baba? Wanakuchosha," nikamwambia.

"Ngazi bado," akasema. "Nangojea ngazi."

Siku ya ngazi nilikwenda naye, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuingia ukungu na barabara ilikuwa inamshinda. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu, vikombe vya karatasi vya kahawa, na skrini iliyochukua ukuta mzima. Nilipewa kiti cha mbele. Binti mmoja mchoraji akasimama, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Huyu nimemtengeneza mimi, Mzee, sikumwachia mtu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwogopa, nikimwona nakimbilia kulala kwa mama."

Picha ikatokea. Mtoto ameketi kidatoni, ametugeukia. Uso mweusi kama mkaa, hauna pua wala mdomo, na ndani yake macho mawili ya njano yanang'aa kama ya paka.

"Huyu ni nani?" mume wangu akauliza.

"Mtoto wa ngazini."

"Mbona ana macho?"

"Si ndivyo ulivyomchora?"

Akauleta mchoro wa zamani ukutani, mkubwa kama mlango. Skrini za zamani zilikuwa ndogo, kila nukta ikivuja kidogo ndani ya jirani yake, na nywele zikaonekana nywele. Pale ukutani, kila nukta ikiwa tofali lenye kona nne, kisogo cha mwanangu kilikuwa uso. Hata mimi niliyefunga ule uzi, kwa pumzi moja niliona macho.

"Hicho ni kisogo," mume wangu akasema. "Ametupa mgongo. Hizo ni nywele."

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe miaka yote hii natishwa na kisogo."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa adabu, na nilimchukia kidogo kwa kicheko kile.

"Nakuelewa, Mzee," mkuu wa michoro akasema. "Lakini wachezaji wanamjua kwa macho. Wameyachapa kwenye fulana, wengine wamejichora mwilini. Nikimgeuza watasema tumemwua."

"Alishakufa," nikasema.

Ndipo nikawaeleza, kwa maneno machache, yeye akiangalia meza. Yule binti alijiziba mdomo. Mkuu wa michoro akaongea kwa upole, na upole wake ndio uliotuponza. "Basi tumpe uso wake. Mzee, mchore wewe. Tutauweka kama utakavyouleta."

Alirudi kwenye meza yetu na penseli zake. Karatasi ikakaa nyeupe.

"Paji la uso lilikuwa pana?"

"Kama la mama yako."

"Na pua?"

"Yangu."

"Yako ya sasa, au ya kabla hujaanza kuvaa miwani?"

Nikacheka. Lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa amemwangalia mgongo kwa miaka mingi mno katika mchoro wake mwenyewe, na upande wa mbele ulikuwa umefutika. Tukabishana juu ya mdomo. Yeye alisema meno ya mbele yalipishana. Nikamwambia hayo ni ya kaka yangu. Alichora, nikasema siye. Akachora tena, nikasema siye. Mwishowe nilifumba macho nikapitisha kidole juu ya meza, namna shavu lilivyoteremka hadi kidevuni, naye akafuata kwa penseli pale nilipopita. Nilipofumbua, mwanangu alikuwa ananitazama.

Tulimwegemeza kwenye kopo la sukari, tukala mbele yake. Nilimwambia atoe nakala kabla ya kumpeleka. Akasema hao ni vijana waungwana, watamrudisha.

Walipomwita kuona kazi ilivyokwisha, alikwenda peke yake. Uso waliuweka wote: paji la bibi yake, pua yangu, shavu lile. Macho waliyaacha ya njano.

"Wewe umepata uso, sisi tumepata macho," mkuu wa michoro alimwambia. "Hakuna aliyekosa."

Akaomba karatasi yake. Walikwisha kuiingiza kwenye kompyuta, na katika kuhamia ghorofa ya juu haikuonekana tena. Alirudi nyumbani, akatundika shati. "Hakuna aliyekosa," akaniambia, akaenda kulala mchana ule. Hakwenda tena kule. Moyo ulimsimama kabla mchezo haujatoka. Wale vijana walikuja mazikoni na shada kubwa. Yule binti mchoraji alilia kuliko wote, akanijia aegemee bega langu. Nilimpa mkono tu.

Mchezo ulipotoka ulisifiwa. Waliandika kwamba mtoto wa ngazini anatisha kuliko zamani, maana sasa ana uso kama wa mtu kweli. Jina la mume wangu limo mwishoni, katika shukrani, linapita upesi kama gari la wagonjwa.

Binti wa kaka yangu aliniletea. Akanishikisha vitufe vya kuchezea, akanifundisha kumtembeza msafiri. Niliupita ukumbi wenye jua, nikafika ngazini, naye akaniinulia macho yake ya njano katika uso ule tuliouhangaikia mezani. Tangu siku hiyo, nikitaka kumkumbuka, sihitaji kidole wala meza. Anakuja mara moja, mzima, na macho ya paka.

"Nataka nimpite nyuma," nikasema.

"Nyuma hakuna kitu, shangazi."

"Nioneshe tu."

Katika mchezo huu mpya, wale vijana waliniambia, kila kitu kinazungukwa pande zote. Nikabonyeza. Msafiri akamzunguka mtoto, akakwama. Kidato wamekisogeza, mtoto amegandishwa mgongo na ukuta. Nikaendelea kubonyeza, na yule kijana mzuri akaendelea kutembea palepale, bega kwenye ukuta, kibatari mkononi.

"Sehemu isiyoonekana huwa haichorwi, shangazi," akaniambia kwa upole. "Ingekuwa kazi bure."

Nikamwambia sawa, azime.